Kaye ya Miaka Mingi

Tarehe 24 Machi 2017, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague walitoa amri ya fidia katika kesi ya kiongozi wa wanamgambo Germain Katanga. Kesi hiyo ilihusu siku moja, 24 Februari 2003, kijiji cha Bogoro kiliposhambuliwa. Bogoro iko karibu sana na sisi wa Bunia, huku Ituri mashariki mwa Kongo, kwenye barabara iendayo Kasenyi. Watu 341 walikuwa wameomba fidia, na kila ombi lilichunguzwa peke yake: nyumba yako ilikuwa ya namna gani, ulikuwa na ng'ombe wangapi, nani wa familia yako aliuawa, na alikuwa nani kwako. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita. Karatasi ambazo zingejibu maswali hayo ziliteketea pamoja na nyumba zilimokuwa. Majaji walitambua kwamba katika hali ya Ituri haikuwezekana kila mtu kuleta hati, wakalizingatia hilo. Mwishowe walikubali maombi 297, kila mmoja akapewa dola 250 kama ishara ya kutambua madhara yake, pamoja na misaada ya pamoja.

Nimeanza na jambo zito kwa makusudi. Watu wengi wakisikia habari ya mtu kuandika siku zake hudhani ni mchezo wa wanafunzi wa sekondari, au anasa ya wenye meza na taa isiyozimika. Mimi naona kinyume. Sisi wa Ituri tunahitaji kuandika maisha yetu kuliko watu waliotulia mahali pamoja kwa vizazi. Mtu aliyelala katika nyumba aliyolala babu yake anazungukwa na kumbukumbu: sanduku la picha, mwembe uliopandwa alipozaliwa, jirani mzee anayejua ugomvi wa mpaka ulianza lini. Aliyetoka Djugu akaja Bunia, akakimbia tena kuelekea Beni au ng'ambo ya ziwa, akarudi na kukuta wageni katika kiwanja chake, hana hata kimoja katika hivyo. Lakini kaye, yaani daftari, ya kurasa mia mbili anaweza kuibeba kwapani.

Jua kwamba thamani ya kaye hiyo haionekani siku unapoandika. Ukiandika kwa wiki mbili ukaacha kwa sababu huoni faida, umeacha kabla faida haijafika. Faida huja baada ya miaka, na mara nyingi huletwa na mistari uliyoiona haina maana siku ile.

Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Willem Wagenaar, aliwahi kujipima kwa uvumilivu wa ajabu. Kwa miaka sita aliandika matukio ya maisha yake mwenyewe, akiweka kwa kila tukio nini kilitokea, nani alihusika, wapi na lini, hadi akafikisha matukio 2,400. Kisha akajaribu kuyakumbuka kwa kupewa kipande kimoja kimoja. Alipochapisha matokeo mwaka 1986, ilionekana kwamba akipewa jambo lenyewe aliweza kukumbuka mengi, lakini akipewa tarehe peke yake karibu hakukumbuka kitu. Akili zetu hazikuumbwa kutunza kalenda. Yeyote aliyekaa na wazee wa familia jioni anajua hivyo bila kusoma utafiti. Mmoja atasema shangazi alikufa wakati wa jeshi la Uganda, mwingine atasema hapana, ni mwaka wa Artemis, yaani kati ya Juni na Septemba 2003, askari wa Ulaya walipokuwa mjini. Wa tatu atakumbuka tu kwamba mvua ilikuwa imekatika. Wote watatu wanasema kweli kwa jinsi wanavyokumbuka, na mtoto wa marehemu anabaki bila tarehe ya kuandika kwenye karatasi ya serikali.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni nyepesi: kila unapofungua kaye, weka tarehe kamili, siku, mwezi na mwaka, na mahali ulipo. Usiandike "leo" au "Jumapili" tu. Miaka kumi baadaye "Jumapili" haitakuambia kitu.

Mfano mzuri wa kuandika kwa miaka mingi tunao hapa hapa kwetu. Apolo Kivebulaya, mwinjilisti wa Kianglikana, alikuwa Mganda, akabatizwa mwaka 1895, na mwishoni mwa 1896 akavuka kuja Mboga, ambayo leo wengi huiita Boga, kusini mwa Bunia katika wilaya ya Irumu. Alipigwa, akafungwa, akarudi. Akawa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Baadaye akaingia msituni kuishi na kufundisha Wambuti. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933, na akazikwa kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, jinsi alivyotaka mwenyewe, ingawa desturi haikuwa hivyo. Jambo ambalo Waanglikana wenyewe hawalitaji sana ni kwamba mtu huyu aliandika. Aliweka kumbukumbu zake kwa Kiganda, kwa maneno machache, na maandishi hayo yametunzwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Anne Luck aliyatumia alipoandika maisha yake mwaka 1963, na Emma Wild-Wood akayarudia katika kitabu chake cha mwaka 2020.

Ninapomfikiria Apolo na kalamu yake, linalonigusa zaidi ni ufupi. Hakuwa na nafasi ya kutunga insha. Mtu anayetembea kwa miguu kati ya Toro, Mboga na msitu, akilala leo hapa kesho kule, huandika kile ambacho mkono uliochoka unaweza kuandika. Mstari mmoja kama huo hauna uzito. Miongo mitatu ya mistari ni historia ya nchi ambayo katikati yake mpaka wa wakoloni ulihama, kwa maana ni mkataba wa mwaka 1910 ulioiweka Mboga upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wengine walioandika habari za sehemu zetu wengi walikuwa wageni wapitao. Stanley alifika Ziwa Albert Desemba 1887 akatoa kitabu kikubwa. Emin Pasha alipita magharibi ya ziwa mwaka 1891 na kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani kuanzia 1916. Colin Turnbull aliandika juu ya Wambuti wa Epulu mwaka 1961. Ndani ya vitabu hivyo babu zetu wamo, lakini wanasemewa. Inaniuma kwamba mjukuu wa Mhema, Mlendu, Mbira au Mnyali akitaka kujua babu yake alikuwa akifikiri nini mwaka 1950, hana pa kusoma.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Watu huniuliza: niandike nini, wakati siku zangu zote zinafanana? Andika vitu vinavyobadilika polepole hata usivione. Andika bei. Mfuko wa saruji, gunia la makaa, unga wa muhogo, samaki waliotoka Tchomia, kodi ya nyumba, na dola moja ilibadilishwa kwa faranga ngapi siku hiyo. Andika mvua ya kwanza baada ya ukame wa Januari ilinyesha lini, na ulipanda maharage lini. Baada ya miaka mitano mkulima wa Dele au Kindia mwenye kumbukumbu hizo anaijua ardhi yake kuliko mtaalamu anayekuja na gari kwa siku moja.

Andika kuzaliwa kwa watoto, tena kwa ukamilifu: tarehe, saa, kituo cha afya, jina la mkunga, nani alikuwepo. Sheria ya Kongo inatoa siku 90 kumwandikisha mtoto aliyezaliwa. Zikipita, mzazi hulazimika kupitia mahakama kupata hukumu inayochukua nafasi ya cheti, na huko ataulizwa mashahidi na tarehe. Familia nyingi za wakimbizi wa ndani hazikupata nafasi ndani ya siku hizo 90, kwa sababu walikuwa njiani. Mstari mmoja ulioandikwa usiku wa kuzaliwa, hata chini ya turubai, unamwokoa mama asikisie tarehe mbele ya hakimu.

Andika afya. Homa ya mtoto ilianza siku gani, dawa gani alipewa, alipona baada ya siku ngapi, ipi ilimtoa vipele. Mama mjamzito aandike siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, kwa sababu daktari atamuuliza hilo kabla ya jambo jingine lolote. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na Ituri, ambao haukumalizika hadi 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287, wahudumu waliokuwa wakifuatilia waliokutana na wagonjwa waliuliza swali lile lile nyumba hadi nyumba: ulimwona lini mara ya mwisho, na ulimgusa? Kutoka siku hiyo walihesabu siku 21 za kukufuatilia. Aliyekuwa na tarehe mkononi alijua hofu yake itaisha lini.

Kuhusu ardhi nitasema kwa uangalifu. Sheria ya 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na ugomvi wa makonsesheni katika Walendu Pitsi ndio uliotangulia moto wa vita uliowaka Djugu mwaka 1999. Kaye yako haiwi hati ya kiwanja na haitachukua nafasi yake. Usimwamini mtu anayekuambia vingine. Lakini iandike siku uliyonunua, kiasi ulichotoa na kwa mikupuo mingapi, nani alishuhudia, chifu wa avenyu alikuwa nani wakati huo, mpaka ulipita wapi, mti gani au jiwe gani lilikuwa pembeni. Hati ikipotea, mistari hiyo inakupeleka kwa mashahidi walio hai kabla hawajafa au kuhama. Hali ni hiyo hiyo kwa likelemba, yaani kuchangiana pesa kwa zamu, na kwa mikopo: siku, kiasi, nani alikuwepo. Urafiki mwingi umevunjika Bunia kwa sababu watu wawili waaminifu wanakumbuka kiasi tofauti.

Hayo yote ni ya lazima, lakini si kiini. Kiini cha kaye ya miaka mingi ni sababu. Unapoamua jambo kubwa, usiandike uamuzi tu. Andika kwa nini uliamua hivyo, ulikuwa unaogopa nini, ulitegemea nini kitokee, nani alikushauri na nani alikukataza. Kwa nini umempeleka mtoto chuo cha ualimu, ISP, na si Chuo Kikuu cha Bunia. Kwa nini umeacha biashara ya nguo za Kampala ukaingia ya mafuta ya mawese. Kwa nini mlirudi Bunia wakati ndugu wengine walibaki Mahagi. Matokeo yakija, mazuri au mabaya, akili hubadilisha hadithi mara moja: tukifaulu tunajiona tulijua tangu mwanzo, tukishindwa tunasema tulilazimishwa. Karatasi haibadiliki. Inakuonyesha ulivyokuwa ukifikiri kweli, na hapo ndipo mtu hujifunza kujijua.

Tuseme mama mmoja muuzaji wa soko kuu anaandika kila Jumamosi mtaji alio nao na kwa nini umepungua. Mwaka wa kwanza atalaumu wateja. Mwaka wa pili atalaumu barabara ya Komanda. Mwaka wa tatu akifungua kaye zote tatu kwa pamoja, ataona kwamba kila Septemba, shule zinapofunguliwa, mtaji wake hukatika nusu, na kila Oktoba hukopa kwa riba ili ausimamishe tena. Hakuna mtu angeweza kumwambia hilo, na yeye mwenyewe asingeliona kwa kukumbuka tu. Akianza kuweka kando kidogo kuanzia Machi, ameipata faida ya kaye.

Ndiyo maana kusoma ulichoandika ni nusu ya kazi. Wengi huandika na kufunga. Tenga siku mbili kwa mwaka, mwisho wa Juni na mwisho wa Desemba, ukae na kaye ya miezi iliyopita, kisha uandike ukurasa mmoja tu: yaliyotokea, yaliyokushangaza, uliyoahidi na hukufanya. Kurasa hizo za mwisho wa mwaka zikifika kumi, utakuwa na kitu ambacho hakuna anayeweza kukununulia.

Kuna tabia nyingine ambayo ningependa kila kijana wa Bunia aizoee, nayo ni kutenganisha uliyoyaona, uliyoyasikia na unayoyadhani. Andika "nimeona", "nimeambiwa na fulani", "nadhani". Mji wetu umeumizwa sana na uvumi. Habari inatoka Mudzipela asubuhi, ikifika Nyakasanza mchana imeshaongezewa watu kumi waliokufa. Aliyezoea kutenganisha mambo haya katika kaye yake huwa mgumu kuchochewa. Na tofauti hiyo ina uzito hata mbele ya sheria. Katika hukumu ya 14 Machi 2012 dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi mwingine wa wanamgambo wa Ituri aliyeshtakiwa The Hague kwa kutumia watoto askari, majaji waliweka kando ushahidi wa vijana kadhaa kwa sababu maelezo yao juu ya umri na matukio hayakuaminika, huku picha za video zilizopigwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya mafunzo ya Rwampara zikiwa na uzito mkubwa. Picha hizo zilikuwa na siku na mahali.

Kuhusu wakati wa kuandika: siku ile ile, kabla ya kulala. Kumbukumbu ni kama samaki walioshushwa Kasenyi. Asiyetiwa chumvi siku hiyo, kesho unapata harufu yake tu. Mistari mitatu inatosha. Kama kazi yako haikuruhusu kila siku, chagua siku moja ya wiki na uishike. Na ukipitiwa na miezi bila kuandika, usijaribu kuijaza kwa kubuni. Andika tarehe ya leo na uendelee.

Lugha isikuzuie. Shuleni tulifundishwa kwamba kitu cha maana huandikwa kwa Kifaransa, na watu wengi wameacha kuandika kwa kuogopa makosa. Mwaka 1965, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kilitoa historia ya mji wao iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha Katanga, jinsi walivyokisema wenyewe. Hawakungoja mtu awasahihishie. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha upya pamoja na maelezo yake, na leo wanachuo wa nchi nyingi huisoma ili waelewe jinsi maboi walivyowaona mabwana zao. Andika kwa Kiswahili chetu cha Bunia, changanya Lingala na Kifaransa kama unavyosema sokoni, weka Kilendu, Kihema au Alur pale ambapo neno la nyumbani ndilo linalobeba maana. Anayeandika ni wewe, na atakayesoma atakujua kwa namna hiyo.

Sasa jambo ambalo washauri wa nchi zenye amani hawalitaji, na hapa nakuomba usome polepole. Ituri iliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi tarehe 6 Mei 2021. Mifuko hupekuliwa vizuizini. Kaye inaweza kuangukia mikono ya askari, ya mwanamgambo, au ya jirani mwenye chuki. Kwa hiyo usiandike watu wenye silaha wamepita wapi na saa ngapi. Usiandike nani amemficha nani, nani ametoa pesa kwa kundi gani, wala jina la mtu pembeni ya tuhuma usiyoweza kuithibitisha. Kuficha jina kwa herufi moja hakusaidii, kwani katika kartie ambayo kila mtu anamjua mwenzake herufi moja inatosha. Ukijiuliza kama mstari fulani unaweza kumuua mtu, usiuandike. Na kama ni jambo linalohitaji kufikishwa kwa mwenye mamlaka au kwa shirika la haki za binadamu, lipeleke kwa mdomo kwa mtu unayemwamini. Namba za siri za simu na za pesa pia hazina nafasi humo.

Kuna hatari nyingine iliyo ndani ya mwandishi mwenyewe. Kaye inaweza kuwa ghala la chuki. Mtu aliyechomewa nyumba ana haki ya kuandika hasira yake, na simwambii aifiche. Ninachomsihi ni kwamba aandike kilichotendeka: nyumba ilichomwa, siku hii, vitu hivi vilipotea, fulani alikimbia nasi, na mama wa kabila lile lile la waliotushambulia alitupa maji njiani. Akianza kuandika kwamba kabila zima liko hivi au vile, ameacha kutunza kumbukumbu na ameanza kutunza sumu, na watoto wake ndio watakaoirithi. Maji ya yule mama yaandikwe. Mambo kama hayo ndiyo husahaulika kwanza, nayo ndiyo tutakayoyahitaji zaidi siku ya kukaa pamoja tena.

Na maumivu je? Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi walioandika kuhusu majeraha ya maisha yao kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Mara baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida hiyo ni ndogo na haimfikii kila mtu. Nashauri hivi: usianze na lile jeraha kubwa. Anza na ya nje, tarehe, mahali, watu, chakula mlichokula njiani. Likija lenyewe siku moja, liandike. Mkono ukitetemeka, usingizi ukakimbia usiku kadhaa, acha, ufunge kaye, na uende kwa mtu: mchungaji, padri, shehe, au mshauri wa afya ya akili kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Kuna mambo yanayohitaji sikio la mtu kabla ya karatasi.

Kutunza kaye zenyewe si kazi ngumu, ila inataka utaratibu. Nunua yenye jalada gumu iliyoshonwa, si ya gundi. Tumia biki au penseli. Wino wa maji hufutika mvua ikipenya, penseli haitoki. Juu ya jalada weka namba na miezi tu, bila maneno yanayomwita mwizi au mpekuzi. Iweke ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya sakafu, mbali na mchwa na panya. Kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa kwa simu na uzitume kwa ndugu aliye mbali, Kampala, Kisangani au kokote ambako vita vyenu haviwezi kufika siku moja na kwenu. Simu ni nakala tu. Simu huibwa, huharibika, na umeme wetu mnaujua. Na katika ule mfuko ulio tayari karibu na mlango, wenye kadi ya mpiga kura na vyeti vya shule, weka kaye unayoiandika sasa. Za zamani zikibaki, picha zake zipo.

Wazee wasioandika wasiachwe nje. Kaa na mama yako, muulize alizaliwa wapi, shamba lilikuwa wapi, nani alimfundisha kusuka mkeka, walikimbia mara ya kwanza kutoka wapi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, weka tarehe, na uandike kwamba ni yeye aliyesema. Usimsahihishe. Akijipinga wiki ijayo, andika pia.

Limebaki suala la nani atazipata. Kumbukumbu za Apolo zimetufikia kwa sababu kuna watu waliozipokea, wakazitunza, na mwishowe zikafika penye rafu na ufunguo. Nyingi nyingine za wakati wake, za makatekista, makarani na walimu wa vijijini, bila shaka zilifungiwa karanga. Andika ndani ya jalada la kila kaye jina la mtu utakayemwachia, na umwambie mtu huyo ana kwa ana akiwa na akili timamu na wewe ukiwa na akili timamu. Mweleze zipi azisome yeye, zipi awape ndugu zake, na kama unapenda, zipi apeleke kwenye maktaba ya chuo au ya parokia. Na kama kuna kurasa usizotaka zisomwe na mtu yeyote, zichane mwenyewe sasa hivi; usimwachie mtoto kazi ya kuchagua.